Santuri ya Kujitegemea: Bendi ya Sunburst, Muziki wa Roki na Lugha ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwaka 1976 bendi ya Sunburst, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1970, ilitoa albamu iliyoitwa Ave Africa. Ilikuwa albamu ya muziki wa roki wenye midundo ya Kiafrika, yenye nyimbo za Kiswahili na za Kiingereza. Hata hivyo, bendi hiyo ya Dar es Salaam haikuitolea albamu yake Dar es Salaam. Iliitolea Zambia. Miaka 40 ikapita, na mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikazikusanya rekodi za bendi hiyo za kati ya 1973 na 1976, zikiwamo zilizofanywa katika Radio Tanzania, na kuzitoa upya kwa wasikilizaji ambao wengi wao hawajui Kiswahili.

Historia hiyo fupi inazua swali linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili kama linavyowahusu wanafunzi wa muziki. Kwa nini kazi iliyotungwa kwa lugha ya taifa ilihitaji kuvuka mpaka ili iwe santuri? Jibu lililozoeleka ni kwamba roki ilikuwa kitu kigeni, na kitu kigeni hakikupata mizizi. Mhadhara huu unadai kinyume chake. Roki ya Kiswahili haikukosa lugha, wala haikukosa watunzi. Ilikosa mahali pa kuhifadhiwa ambapo mtunzi angekuwa mwenye mali. Ili kulithibitisha dai hilo, itachunguzwa kwanza istilahi, kisha sera na vyombo vya kurekodi, kisha lugha ya nyimbo zenyewe, na mwisho wajibu wa wataalamu wa fasihi.

2.0 Istilahi: santuri, mtindo na kujitegemea

Kiswahili kilikuwa na msamiati wa muziki uliorekodiwa muda mrefu kabla ya gitaa la umeme kufika. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu, Waswahili walianza kununua sauti ya mtu wanayemfahamu ikiwa imechongwa kwenye sahani. Neno santuri, ambalo asili yake ni jina la ala ya nyuzi ya nchi za Mashariki, lilitumika kwa mashine, kisha likahamia kwenye sahani inayochezwa na mashine hiyo. Baadaye likaja neno kanda, na baada yake albamu. Kila neno lilikuja na aina yake ya biashara: santuri iliuzwa dukani, kanda iliweza kunakiliwa na yeyote mwenye redio-kaseti, na albamu ni jina la kazi nzima bila kujali imebebwa na chombo gani.

Neno la pili ni mtindo. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, bendi haikuhesabiwa kuwa bendi kamili mpaka iwe na mtindo wenye jina. Afro 70 walikuwa na Afrosa, na Mlimani Park walikuwa na Sikinde. Sunburst waliuita mtindo wao Kitoto.

Neno la tatu ndilo gumu zaidi. Albamu inayotolewa na bendi yenyewe, au kupitia kampuni ndogo isiyofungamana na dola wala na makampuni makubwa, haina jina moja lililokubalika katika Kiswahili. Wapo wanaoiita albamu huru. Lakini Kiswahili cha Tanzania kina neno lenye uzito zaidi, nalo ni kujitegemea. Tangu Azimio la Arusha na andiko la Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, neno hilo lilikuwa katika midomo ya viongozi, walimu na wanafunzi. Likitumika kwa santuri, linafichua mgongano ambao neno huru haliuonyeshi: katika nchi iliyohubiri kujitegemea, mwanamuziki hakuwa na njia ya kujitegemea katika kuitoa sauti yake.

3.0 Sera ya utamaduni na chombo kimoja

Mwezi Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuingia madarakani kama Rais wa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa. Katika hotuba hiyo aliutaja muziki wa rock'n'roll, pamoja na rumba, chachacha na twist, kuwa mfano wa mambo ambayo wengi waliyajua kuliko walivyozijua ngoma za kwao kama kiduo na lelemama. Kwa hiyo roki ilikuwamo katika hati za mwanzo kabisa za sera ya utamaduni, ila ilikuwamo kama mfano wa kisichokuwa chetu.

Miaka iliyofuata iliutia nguvu mwelekeo huo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Mwishoni mwa mwaka huo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Bendi inayoundwa mwaka 1970 kwa gitaa la umeme lenye mvumo mkali, na kwa jina la Kiingereza, ilizaliwa katika hali ya hewa hiyo.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuona katika sera hiyo katazo peke yake. Dola ndiyo iliyoutunza muziki wa dansi. Bendi za jumuiya ya wafanyakazi, za polisi na za Jeshi la Kujenga Taifa ziliwapa wanamuziki mshahara na vyombo. Radio Tanzania iliwarekodi katika studio zake na kuwasikizisha nchi nzima. Bila redio hiyo sehemu kubwa ya muziki wa Kiswahili wa miaka ya 1970 isingekuwapo leo.

Tatizo lilikuwa katika muundo. Studio ya redio ilirekodi kwa ajili ya kutangaza, si kwa ajili ya kuuza. Maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Mwanamuziki alilipwa ada ndogo, na mkanda ukabaki mali ya redio. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, ambako Mbaraka Mwinshehe na wengine wengi walirekodi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka na Kenya kufungwa, njia hiyo nayo ikawa nyembamba sana.

4.0 Kongowe kama kipimo

Ili kuupima mfumo huo kwa haki, inafaa kuutazama kutoka nje kidogo ya mji. Kongowe ya Kibaha iko kando ya Barabara ya Morogoro, katika Uzaramo, karibu kiasi cha kusikia habari za kumbi za Dar es Salaam lakini mbali kiasi cha kutozihudhuria kila Jumamosi. Msikilizaji wa vijiji kama hivyo vya Kibaha na Kisarawe hakuhitaji umeme wala gramafoni ili asikie bendi. Alihitaji betri za redio. Redio ilimfikia bure, kwa lugha anayoielewa, na ilimfikia siku ileile iliyomfikia mkazi wa Upanga.

Santuri, kwa upande wake, ilidai fedha, mashine na duka. Iliyofyatuliwa Zambia ilidai pia mpaka uvukwe. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Redio ilimpa mwanamuziki wasikilizaji na kumnyima mali. Santuri ya kujitegemea ilimpa mali, au angalau tumaini la mali, na kumnyima wasikilizaji waliokuwa wakiielewa lugha yake. Anayeisifu albamu huru bila kuitaja Kongowe amesimulia nusu ya habari, na anayeisifu redio ya taifa bila kuutaja mkataba wa mwanamuziki amesimulia nusu nyingine.

Uzaramo unahusika kwa njia ya pili pia. Jina Sikinde ni la ngoma ya Wazaramo, na usemi maarufu wa mashabiki, Sikinde ngoma ya ukae, una ndani yake neno la Kizaramo la nyumbani. Bendi ya mjini yenye magitaa, saksafoni na tarumbeta ilijihalalisha kwa kuchukua jina kijijini. Hakuna aliyeuliza kama saksafoni ni ya Kizaramo. Jina la mtindo lilitosha kuzipa ala hizo uraia.

5.0 Kitoto

Kwa mtazamo huo, jina Kitoto linastahili kuangaliwa kwa makini. Sunburst haikuwa bendi ya kabila wala ya mkoa. Ndani yake walikuwamo wanamuziki kama James Mpungo, Kassim Magati na Hembi Flory Kongo, na wengine wao walitoka nje ya Tanzania. Kuchukua jina la ngoma ya mahali pamoja kusingewafaa wote. Badala yake walichukua mofimu.

Kiambishi ki- katika Kiswahili hufanya kazi zaidi ya moja. Huonyesha udogo, kama katika kijiji na kijito. Huonyesha pia namna ya kufanya jambo: kiume, kizee, kienyeji, kigeni. Kitoto kwa hiyo ni mtoto mdogo, na papo hapo ni namna ya watoto. Katika mjadala wa wakati ule, kiambishi hichohicho ndicho kilichobeba hukumu: muziki uliitwa wa kienyeji au wa kigeni. Kwa kujiita Kitoto, bendi ilijiweka kwenye mstari mwingine kabisa, ambao haugawanyi muziki kwa mahali ulikotoka bali kwa umri wa wanaoucheza. Hiyo ni tafsiri inayotokana na umbo la neno, si kauli ya wanabendi. Lakini ni tafsiri ambayo sarufi inairuhusu, na ambayo inaeleweka vizuri miaka michache baada ya operesheni iliyobeba jina la vijana.

6.0 Lugha ya nyimbo

Majina matatu yanatosha kuonyesha jinsi lugha ilivyofanya kazi katika muziki huu.

La kwanza ni Ave Africa lenyewe. Ave ni salamu ya Kilatini, ambayo Waafrika wengi waliisikia kwanza kanisani au katika shule za misheni. Africa limeandikwa kwa herufi c, si kwa k ya Kiswahili Sanifu. Bendi ingeweza kusema Salamu Afrika, na hakuna kitu kingepungua katika maana. Jina la jalada lilielekezwa nje, kwa mnunuzi ambaye huenda hajui Kiswahili. Hiyo ni gharama ya kwanza ya soko la ugenini, nayo ililipwa kwenye jalada kabla ya sindano kugusa santuri.

La pili ni wimbo Simba Anguruma. Hapa kuna kitenzi nguruma kikiwa na njeo ya -a-, ambayo huungana na kiambishi cha nafsi na kubaki sauti moja: a-a-nguruma, anguruma. Katika mazungumzo ya Dar es Salaam mtu angesema ananguruma. Njeo ya -a- ni ya vichwa vya habari vya magazeti, ambako huandikwa Rais awasili, Simba yashinda. Ni fupi, na inaondoa silabi moja. Katika muziki uliojengwa juu ya kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa, silabi moja si jambo dogo.

Suala hilo linahitaji maelezo. Silabi za Kiswahili karibu zote ni wazi, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika roki, pigo lenye nguvu la ngoma huangukia mara kwa mara hesabu ya pili na ya nne. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja yanayoweza kutupwa juu ya pigo lolote. Kiswahili kina machache mno, na kitenzi chake chenye viambishi hudai nafasi. Mtunzi wa rumba ana sentensi ndefu ya gitaa ya kuimwagia maneno. Mtunzi wa roki ana nafasi finyu, kwa hiyo hulazimika kuchagua njeo fupi, nomino pasipo vivumishi, amri na ukariri. Hayo hayaiharibu lugha. Ni nidhamu, kama mizani minane ya nusu mshororo ilivyo nidhamu kwa mtunzi wa shairi.

La tatu ni Enzi za Utumwani. Sarufi ya kawaida ingetosheka na enzi za utumwa. Kiambishi -ni cha mahali kinaugeuza utumwa kuwa pahala ambamo watu waliingia na kutoka, kama isemwavyo utotoni, kifungoni au ugenini. Anayesema enzi za utumwa anataja kipindi cha historia. Anayesema enzi za utumwani anamweka msikilizaji ndani. Kwa msikilizaji wa Kongowe pahala hapo palikuwa na jina la karibu, kwani Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, iko katika mkoa huohuo wa Pwani. Tofauti ya silabi moja ya mwisho inabeba tofauti kubwa ya hisia, na ni tofauti ambayo mnunuzi wa London, hata akiupenda muziki kiasi gani, haisikii.

Mifano hii inaonyesha kwamba watunzi hawakutia maneno ya Kiswahili juu ya muziki wa kigeni kama mtu anayebandika lebo. Walifanya uteuzi wa kisarufi unaoendana na muziki wenyewe. Huko ndiko kuitunga roki kwa Kiswahili.

7.0 Zambia na Sweden: milango miwili

Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na ari ya utaifa kama Tanzania. Serikali ya Kenneth Kaunda iliagiza redio ipige kwa sehemu kubwa sana muziki wa nyumbani. Lakini matokeo yalikuwa tofauti. Vijana wa miji ya migodi ya shaba waliitikia agizo hilo kwa kutunga roki yao wenyewe, na roki hiyo ikahesabiwa kuwa ya nyumbani kwa sababu waliotunga walikuwa wa nyumbani. Bendi ya WITCH, iliyoongozwa na mwimbaji Emanyeo Chanda, maarufu kwa jina la Jagari, ilianza kwa kujitolea yenyewe albamu yake ya Introduction mwanzoni mwa miaka hiyo. Amanaz walitoa albamu yao Africa mwaka 1975. Bendi ya Dar es Salaam ilipofika huko ilikuta soko lililokwisha kuizoea sauti ya aina yake.

Agizo moja, basi, lilifasiriwa kwa namna mbili. Upande mmoja ulipima muziki kwa ala na asili yake. Upande wa pili ulimpima mtunzi. Ukweli huu unatosha kukataa dai kwamba roki ilikufa Tanzania kwa sababu Waafrika hawaipendi.

Mlango mwingine ulifunguka Sweden. Patrick Balisidya, kiongozi wa Afro 70, alishirikiana na bendi ya Kiswidi iliyoitwa Archimedes Badkar, na ikatoka albamu yenye jina la Kiswahili, Bado Kidogo. Iliyoitoa ilikuwa MNW, kampuni iliyotokana na vuguvugu la wanamuziki wa Sweden waliotaka kuyaepuka makampuni makubwa. Hapa nako Kiswahili kilipata santuri ya kujitegemea, na hapa nako ilikuwa ni kujitegemea kwa watu wengine.

8.0 Mfano wa ushairi

Wanafunzi wa fasihi wanao mfano wa karibu. Mwaka 1974 diwani ya Euphrase Kezilahabi, Kichomi, ilileta mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mwaka 1976, mwaka uleule wa Ave Africa, M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa Malenga wa Bara. Wapinzani walisimamia kanuni kama zilivyoelezwa na Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, na wakasema kwamba utungo usio na vina na mizani ni wa Kizungu, hata kama maneno yake ni ya Kiswahili. Hoja ilikuwa ileile iliyoelekezwa kwa gitaa la umeme: umbo likiwa la kigeni, lugha haiwezi kuliokoa.

Mjadala huo ulikuwa mkali, lakini uliendeshwa kwa maandishi, na kila upande ulikuwa na kitabu mkononi. Leo Kichomi husomwa, hufundishwa na hutahiniwa, na anayekipinga anaweza kukipinga ukurasa kwa ukurasa. Roki ya Kiswahili haikupata bahati hiyo. Umbo lake halikushindwa katika hoja. Haikusikilizwa hoja yoyote. Mshairi alikuwa na mchapishaji aliyemwachia jina lake juu ya jalada na nakala maktabani. Mwanamuziki alikuwa na mkanda katika ghala la redio, na santuri katika nchi nyingine.

9.0 Hitimisho

Mabadiliko ya miaka ya 1990 yaliuvunja ukiritimba huo. Redio za binafsi zilianza, studio za binafsi zikafunguliwa Dar es Salaam, na vijana wa muziki wa kufokafoka wakaanza kutoa kanda zao wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ikampa mtunzi msingi wa kudai. Leo msanii anaweza kuitoa albamu yake kwa simu, bila kiwanda na bila mpaka. Lakini swali la mwaka 1976 halijaondoka. Anayeitoa kazi yake kwa njia ya mtandao wa kampuni ya ng'ambo anajitegemea katika kuitoa. Katika kuihifadhi bado anamtegemea mwenye mtambo.

Kwa idara za Kiswahili, kisa cha Sunburst kinadai kazi tatu. Ya kwanza ni kunukuu maneno ya nyimbo hizi kwa tahajia sahihi, kutoka kwenye rekodi zenyewe, kabla waimbaji na wasikilizaji wa kizazi kile hawajamalizika. Ya pili ni kuzichambua kama utungo, kwa silabi, njeo na taswira, badala ya kuziachia historia ya burudani. Ya tatu ni kushirikiana na wenye mikanda ya redio ya taifa ili nyimbo zilizorekodiwa kwa fedha ya umma ziweze kusikilizwa na umma huo, na watunzi wake watambuliwe na walipwe.

Kazi hizo zikifanyika, mwanafunzi anayetoka Kongowe atausoma wimbo Enzi za Utumwani karibu na shairi la Kezilahabi, katika darasa moja, na ataamua mwenyewe kama ni Kiswahili au si Kiswahili. Zisipofanyika, jibu litaendelea kutolewa London, kwa niaba yake, na watu wasiosikia tofauti kati ya utumwa na utumwani.